Makunyanzi ya wazee wetu yapunguzwe, yasifutwe

Mhariri,

Fungua ukurasa wa tanzia na kumbukumbu wa gazeti lolote la Kiswahili. Utaona ndevu nyeupe, kofia ya mtu mzima au kilemba cha bibi wa miaka themanini, na katikati yake uso laini kama kigae. Maneno chini ya picha yanasema marehemu alizaliwa mwaka 1941. Paji la uso halina hata mstari mmoja. Watoto wameikubali picha hiyo kwa sababu ndiyo waliyoletewa na studio, lakini jirani aliyekaa naye baraza moja miaka arobaini anaitazama mara mbili kabla ya kumtambua.

Naomba nafasi niseme na mafundi wenzangu wa picha, pamoja na meza ya picha ya gazeti lako. Ombi langu ni kwamba makunyanzi yapunguzwe, yasifutwe. Kwa kuwa wengi hufuta si kwa kupenda bali kwa kutojua namna nyingine, nitaeleza kazi yenyewe inavyofanyika.

Mkunjo kwenye picha si mstari. Ni bonde dogo lenye kivuli, na kando ya bonde kuna tuta dogo lenye mng'ao. Jicho hutambua mkunjo kwa tofauti iliyopo kati ya giza la bonde na mwanga wa tuta. Ukipunguza tofauti hiyo, mkunjo unalainika na ngozi inabaki ngozi. Ukizibandika juu yake chembe za ngozi ya mahali pengine, umeondoa mkunjo na umeondoa pia umbo la mfupa na msuli uliokuwa chini yake.

Kwa ngozi zetu nyeusi jambo hili lina uzito zaidi. Mafuta na jasho juu ya ngozi nyeusi hung'aa sana kuliko ngozi inayoyazunguka, kwa hiyo tuta ndilo linaloonekana kwanza, kuliko hata bonde. Fundi aliyejifunza kwa video zinazoonyesha ngozi nyeupe huanza kwa kung'arisha kivuli. Akimaliza, paji la uso lina michirizi ya rangi ya majivu na mkunjo bado upo palepale, kwa sababu tuta hakuligusa. Kwenye ngozi nyeusi anza na tuta: lififishe kidogo kwanza, kisha ndipo utazame kama bonde linahitaji chochote. Mara nyingi linahitaji kidogo tu.

Sehemu kubwa ya kazi huisha kabla kamera haijabonyezwa. Taa ndogo iliyowekwa pembeni, au jua la saa sita mchana lililo utosini, huchimba kila bonde likaonekana kama mtaro. Mkalishe mzee karibu na dirisha kubwa lisilopigwa na jua moja kwa moja, au tumia taa iliyo nyuma ya kitambaa cheupe chenye upana wa mita moja au zaidi. Taa iwe juu kidogo ya macho, umbali wa mita moja hadi moja na nusu kutoka usoni. Kifuani, nje ya picha, weka ubao mweupe, karatasi ya manila au hata shuka lililokunjwa, ili mwanga urudi juu na kujaza mabonde ya chini ya macho na kando ya mdomo. Mpe tishu ajifute mafuta ya paji, pua na mashavu. Tishu hiyo moja inafifisha matuta kwa sekunde kumi, kazi ambayo kompyuta ingechukua dakika kumi kuifanya.

Simama mita mbili kutoka kwake. Kwa kamera kubwa lenzi ya milimita 85 inatosha. Kwa simu tumia lenzi yake ya kuvuta mara mbili au tatu badala ya kumsogelea, maana ukimsogelea pua inakua na paji linarudi nyuma. Na zima kile kipambo cha kulainisha uso. Simu nyingi huja kikiwa kimewashwa, hasa kamera ya mbele, na chembe za ngozi zinazofutwa kabla picha haijahifadhiwa hakuna fundi anayeweza kuzirudisha.

Mafundi wa enzi za filamu walikuwa na kizuizi ambacho sisi hatuna, na kizuizi hicho kiliwafaa. Kurekebisha negativu, yaani filamu ambayo mwanga na giza vimegeuzwa, ni kazi ya zamani. Franz Hanfstaengl wa Munich alionyesha picha zilizorekebishwa hivyo kwenye maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1855. Kwenye negativu, kivuli cha mkunjo ni sehemu angavu, kwa kuwa mwanga haukuifikia sana. Fundi alipaka dawa nyembamba ya kushikiza, akaweka negativu mbele ya taa, kisha kwa penseli ngumu iliyochongwa ikawa kama sindano akaongeza wino wa penseli kidogo kidogo juu ya sehemu ile angavu. Wino ukizidi, mwanga unaofika kwenye karatasi unapungua na kivuli kwenye picha kinakuwa chepesi. Penseli ilimlazimisha kupunguza; kufuta kabisa kulikuwa na hatari ya kuacha doa jeupe ambalo mteja angeliona. Mwaka 2002 toleo la 7 la Photoshop, programu ya kompyuta ya kurekebisha picha, lilileta brashi ya kuponya, ile yenye alama ya plasta, na kwa mpigo mmoja mkunjo wote ukatoweka. Tangu hapo mkono umezoea kufuta.

Brashi hiyo si mbaya. Tatizo ni kwamba inatumiwa juu ya picha yenyewe na kwa nguvu yote. Itumie hivi. Juu ya picha weka leya mpya tupu, yaani tabaka la kazi lisilogusa picha iliyo chini yake, na iambie brashi isome leya ya sasa pamoja na zilizo chini yake. Tazama picha kwa ukubwa wa asilimia 100. Upana wa brashi uwe mara moja na nusu ya upana wa mkunjo, si zaidi. Ukingo wake uwe mgumu au unaokaribia ugumu: brashi ya kuponya inajichanganyia rangi yenyewe, na ukiipa ukingo laini huacha utepe wa ukungu kando ya kila mpigo, utepe unaoonekana waziwazi picha ikichapishwa kubwa. Chukua sampuli ya ngozi jirani, sambamba na mkunjo, yenye mwanga uleule. Piga mapigo mafupi ukifuata mkunjo ulivyopinda, na badilisha sampuli kila baada ya mapigo mawili au matatu. Usipobadilisha, kipele kimoja au kinyweleo kimoja kitajirudia mara tano kwenye paji kama nakshi ya kanga.

Ngozi ya uso si moja. Ya shavuni karibu na pua ina vitundu vikubwa vya mviringo. Ya chini ya jicho ni nyembamba na karibu haina vitundu. Ya paji ina mistari midogo ya mlalo. Ukichukua ya shavuni ukaiweka chini ya jicho, jicho litaonekana kama limefungwa plasta. Chukua karibu, kila mara karibu.

Sasa linakuja lile ambalo wengi hulikosa. Kila eneo la uso liwe na leya yake. Ukimaliza mapigo, mikunjo yote itakuwa imetoweka na uso utaonekana wa ajabu, usiogope. Shusha ukolezo wa kila leya, yaani kiwango cha leya hiyo kuonekana juu ya picha, mpaka mtu arudi. Kwa mzee wa miaka sitini hadi themanini, viwango vya kuanzia ni hivi: mistari ya mlalo ya paji, asilimia 40. Mikunjo miwili ya wima katikati ya nyusi inavumilia 50 hadi 60, kwa sababu ile haionyeshi umri bali inamfanya aonekane amekasirika hata akiwa ametulia. Vifuko vya chini ya macho, 40. Mikunjo inayotoka puani hadi pembe za mdomo, 30. Mistari midogo ya juu ya mdomo, 40. Shingo, 40 hadi 50. Mistari ya pembe za macho, 20, na ikiwa mtu anacheka usivuke 25.

Hiyo ya mwisho naikazia kwa sababu ndiyo inayoharibu picha nyingi kuliko zote. Daktari wa Kifaransa Guillaume Duchenne alieleza mwaka 1862 kwamba tabasamu la kweli linahusisha misuli miwili: mmoja unavuta pembe za mdomo juu, na mwingine unazunguka jicho na kukunja ngozi ya pembeni mwake. Ule wa mdomo unatii amri. Ule wa jicho hautii kirahisi, unafuata furaha. Ndiyo maana mtu anayejilazimisha kucheka tunamjua. Ukifuta mistari ya pembe za macho kwenye picha ya bibi anayecheka na kumwachia meno na mashavu yaliyopanda, umemgeuza mtu aliyefurahi kuwa mtu anayejifanya amefurahi. Familia itasema tu kwamba picha "ina kitu", hawajui ni nini. Ni hicho.

Mikunjo mirefu ya kina, kama ile ya puani hadi mdomoni, brashi ya plasta haiiwezi vizuri, maana bonde lake ni pana na kivuli chake kinapungua taratibu kuelekea shavuni. Hapa kazi ni ya mwanga na giza. Weka leya mbili za marekebisho, zile zenye mstari unaoweza kupindwa: moja umeuinua katikati ili ing'arishe, nyingine umeushusha ili itie giza. Zijaze maski zake, yaani vifuniko vinavyoamua leya ionekane wapi, kwa rangi nyeusi ili zisionekane, kisha kwa brashi laini nyeupe yenye mtiririko (kiasi cha rangi kinachotoka kwa kila mpigo) wa asilimia 2 hadi 4 paka mahali unapotaka tu. Leya ya giza ipake juu ya tuta, leya ya mwanga ipake ndani ya bonde. Brashi iwe nyembamba kuliko bonde, au utang'arisha na kingo zake, na mkunjo uliotaka kuufifisha utapata fremu. Mtiririko mdogo unachosha, lakini ndio unaokupa nafasi ya kusimama. Kwa asilimia 20 mpigo wa pili tu umeshapitiliza.

Kung'arisha kivuli kwenye ngozi nyeusi huzaa majivu. Kivuli chetu kina wekundu na udongo ndani yake. Ukikiongezea mwanga mtupu rangi inabaki nyuma na doa la kijivu linatokea. Ukitia giza kwenye mng'ao, kinyume chake hutokea: doa la machungwa. Dawa ni leya tupu juu ya zote, iliyowekwa kwenye hali ya rangi pekee. Chukua rangi ya ngozi salama iliyo sentimita moja pembeni, paka juu ya doa kwa brashi laini yenye ukolezo wa asilimia 10 hadi 20. Hali hiyo haigusi mwanga, inarudisha rangi tu. Usichukue rangi ya shavu kupaka paji: paji la wengi wetu ni jeusi kuliko shavu, na kulisawazisha ni kumbadilisha mtu.

Karibu na mpaka wowote mkali, yaani ukingo wa mdomo, kope, nyusi, mwanzo wa nywele au ukosi wa kanzu, iache brashi ya plasta. Inavuta rangi ya upande wa pili na kuacha doa jeusi kama masizi. Hapo tumia chombo cha kunakili, chenye alama ya muhuri, kikiwa na ukingo laini, ukolezo wa asilimia 15 hadi 25, na kimewekwa kwenye hali ya kung'arisha tu, ili kiguse kilicho cheusi kuliko sampuli na kuacha vingine.

Kuna mbinu inayosifiwa sana ya kutenganisha picha katika matabaka mawili, la chini likibeba rangi na vivuli na la juu likibeba chembe za ngozi. La chini linatiwa ukungu, la juu linapatikana kwa kutoa lile la chini kutoka kwenye picha. GIMP, programu ya picha ambayo ni ya bure, ina njia yake ya kutenganisha hivyo tangu toleo la 2.10. Mbinu ni nzuri kwa madoa ya rangi, lakini kwa makunyanzi ina mtego. Mkunjo unaishi katika matabaka yote mawili: ufa wake mwembamba uko juu, kivuli chake kipana kiko chini. Ukirekebisha juu tu, unabaki na kivuli kisicho na mkunjo, kama uchafu usiooshwa. Ukirekebisha chini tu, unabaki na ufa usio na kivuli, kama mkwaruzo wa ukucha. Wengi wakifika hapo hutia ukungu tabaka la chini lote, na hapo ndipo uso wa mdoli unapozaliwa: vitundu vya ngozi vipo, lakini juu ya mpira. Anayeitumia achague ukungu unaofuta vitundu na kuacha umbo la pua. Kwa picha ya kichwa na mabega ya megapikseli 24 hiyo ni pikseli 6 hadi 10; kwa mtu mzima aliyesimama, 2 hadi 4. Kisha afanye kazi katika matabaka yote mawili, mkunjo mmoja mmoja.

Kabla ya kumkabidhi mteja, punguza picha hadi iwe na ukubwa wa kiberiti kwenye kioo cha kompyuta. Ikiwa kwa ukubwa huo bado unamtambua mtu na umri wake, uko salama. Igeuze kulia kushoto. Madoa uliyoyazoea yatajitokeza. Funga, fanya kazi nyingine kwa dakika kumi, fungua tena. Kisha shusha ukolezo wa kundi zima la leya hadi asilimia 70 na ujiulize kama kuna mkunjo unaokukera. Kwa kawaida hakuna. Usiamue kwa kulinganisha kabla na baada kwa haraka haraka, kwani ukizoea uso uliolainishwa kwa nusu saa, ule wa kweli utaonekana mbaya hata kama hauna kosa.

Tazama pia mikono na shingo. Uso wa miaka arobaini juu ya mikono ya miaka themanini iliyoshika bakora hauaminiki. Na katika picha ya familia wote wapewe kipimo kimoja, la sivyo bibi atakuwa mdogo kuliko binti yake.

Kuna alama ambazo si makunyanzi wala si kasoro, na programu zinazojiendesha huzifuta bila kuuliza: alama ya sijda kwenye paji la mzee, chale za mashavuni, tundu la ndonya kwenye mdomo wa bibi wa Kimakonde, pengo la jino, kovu la zamani. Kanuni ya kufanyia kazi ni rahisi: kitu ambacho baada ya wiki mbili kingekuwa kimeondoka chenyewe, kama chunusi au mkwaruzo wa wembe, kiondoe. Ambacho kingekuwepo, kiache mpaka wenyewe waseme vingine. Na weupe usiongezwe kabisa. Programu nyingi za simu hung'arisha rangi ya ngozi zinapolainisha, kwa kitufe kilekile, na fundi asipoangalia anamkabidhi mteja mtu mwingine.

Kwa anayetumia simu tu, kitelezi cha kulainisha ngozi kisivuke 10 au 15 kati ya 100. Njia bora ni kuhifadhi nakala iliyorekebishwa, kisha kuiweka juu ya picha ya asili katika programu yoyote inayoruhusu kupandanisha picha mbili, na kuipa ya juu ukolezo wa nusu. Matokeo yanakaribia yale ya leya za kompyuta.

Jambo jipya linalonitia wasiwasi zaidi ni programu za akili bandia za kukuza picha ndogo. Familia inaleta picha ya kitambulisho, fundi anaipitisha humo, na inatoka kubwa, kali na safi. Lakini programu haikumjua marehemu. Inakisia kope, meno na ngozi kutokana na nyuso nyingine ilizofundishwa. Linganisha umbo la ndewe la sikio, mpaka wa nywele na umbali kati ya macho, na mara nyingi utakuta vimehama. Kwa tanzia ukuzaji huo hata hauhitajiki. Safu moja ya gazeti yenye upana wa sentimita 4, kwa pikseli 200 kwa inchi, inataka pikseli 315 tu. Picha ya pasipoti yenye upana wa milimita 35 ikiskaniwa kwa 600 kwa inchi inatoa pikseli 827, zaidi ya mara mbili ya kinachotakiwa. Iskani vizuri, futa vumbi, basi.

Hapo nafika kwenye meza ya picha ya gazeti. Mtambo wa gazeti hauchapishi rangi mfululizo bali nukta. Kwa mistari 100 ya nukta kwa inchi, picha ya sentimita 4 ina nukta kama 157 kwa upana, na uso ukichukua nusu, unabaki na chini ya nukta 80. Vitundu vya ngozi na mistari midogo haviwezi kuonekana hapo hata fundi asipovigusa. Kinachobaki ni vivuli vikubwa: tundu la jicho, shavu, mkunjo wa kicheko. Ndivyo vinavyobeba sura. Vikishafutwa studio, gazeti linachapisha duara la kahawia lenye macho mawili. Tena karatasi ya gazeti inafyonza wino, nukta zinapanuka na rangi za katikati zinakuwa nzito. Ngozi nyeusi ndiyo inayoumia zaidi. Kwa hiyo kinachosaidia uso wa mzee gazetini ni kuinua mwanga wa katikati na kukoleza ukali wa macho na midomo. Mikunjo mizito itapungua yenyewe kwa kuinua mwanga huo, bila brashi.

Naomba gazeti liweke kwenye fomu ya matangazo ya tanzia mistari mitatu tu: picha iletwe ya asili, isiyolainishwa, itumwe kwa barua pepe, au kwa WhatsApp ikiwa kama dokumenti, maana ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa na ngozi iliyolainishwa ikibanwa hugeuka viraka vya mraba, na kama imerekebishwa studio, iletwe pamoja na ile ya kabla ili mhariri wa picha achague. Picha za habari zenyewe hazipaswi kuguswa hata mkunjo mmoja. Mashirika ya habari kama AP na Reuters yanakataza kuongeza au kuondoa kitu chochote ndani ya picha, na mkunjo wa waziri ni sehemu ya picha. Vivyo hivyo picha za pasipoti na viza: mashine inapima uso, na fundi anayelainisha anamtafutia mteja usumbufu mpakani.

Kwenye matangazo ya biashara wenzetu wameanza kuweka mipaka. Mwaka 2009 wasimamizi wa matangazo wa Uingereza walikataza tangazo la krimu ya macho ya Olay lenye picha ya mwanamitindo Twiggy, kwa sababu ngozi ya kuzunguka macho ilikuwa imerekebishwa, na hiyo ndiyo sehemu krimu ilidai kuitibu. Norway tangu Julai 2022 inadai alama kwenye tangazo ambalo umbo, ukubwa au ngozi ya mtu imebadilishwa. Gazeti linaweza kuwauliza wauzaji wa krimu swali hilohilo kabla ya kupokea matangazo yao, bila kusubiri sheria.

Kwa familia nina ombi dogo. Mnapomchukua fundi, mwambieni: "Niache na umri wangu," au "Acha umri wa mama." Semeni kwa maneno hayo, maana fundi asiyeambiwa hudhani mnataka ujana. Na mdai faili mbili: iliyorekebishwa, na ile iliyotoka kwenye kamera bila kuguswa. Hiyo ya pili iwekeni kwenye flashi na kwenye barua pepe ya mtu mmoja wa nyumbani. Siku ya kuitafuta huwa haina muda wa kumsubiri fundi.

Fundi wa picha,
Kariakoo, Dar es Salaam